Amri za Mungu na Mke wa Pili

Leo nataka tuzungumze juu ya swali linaloulizwa sana kwenye jumuiya, kwenye vikundi vya kusoma Biblia, na hata msibani watu wanapokesha: je, amri za Mungu hubadilika? Mara nyingi swali hili hujibiwa upesi mno. Mmoja atasema Mungu habadiliki, kwa hiyo na amri zake hazibadiliki, tumemaliza. Mwenzake atasema hayo yalikuwa ya Agano la Kale, sisi tuko chini ya neema, naye amemaliza. Mimi naomba tusimalize upesi hivyo. Tuanzie mahali ambapo watu wazima, wasomi, wacha Mungu, walilazimika kulipigia kura.

Mwaka 1888 maaskofu wa Kanisa Anglikana wapatao 145 walikutana London, Lambeth, kwenye makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Miongoni mwa mambo waliyoletewa lilikuwamo hili, lililowasumbua sana wamisionari wa Afrika: mwanamume aliyeoa wake wawili au watatu kwa desturi ya kwao, kabla hajaisikia Injili, akija kuomba ubatizo, abatizwe? Maaskofu wakasema hapana. Waliosema asibatizwe walikuwa 83, waliopinga 21. Mtu huyo apokewe kama mwanafunzi, afundishwe, angoje mpaka hali yake imruhusu kuishika sheria ya Kristo. Wake zake, walisema, wanaweza kubatizwa katika hali fulani, na kila kanisa la mahali liamue lenyewe. Hilo lilipita kwa tabu zaidi, kura 54 kwa 34.

Ikapita miaka 100. Mwaka 1988 mkutano uleule, safari hii mjini Canterbury, ukaamua vingine. Maaskofu walisisitiza kwamba ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu. Hapo hawakurudi nyuma hata hatua moja. Lakini mwanamume wa mitala anayeipokea Injili, walisema, anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini. Aahidi kwamba hataoa tena maadamu yuko hai hata mmoja wa wake aliokuwa nao alipoongoka. Wakristo wa mahali pale waridhie kumpokea. Na asilazimishwe kumwacha mke wake yeyote, kwa sababu ya hali ngumu ambayo mwanamke huyo angeingizwa ndani yake. Hoja hiyo ilitoka Kenya, na miongoni mwa walioishughulikia kwa miaka ni David Gitari, wakati ule Askofu wa Mount Kenya East, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Kenya.

Sasa tujiulize. Kati ya 1888 na 1988 Mungu alibadili amri yake? Kama hakubadili, ni mkutano upi uliokosea? Yule mzee aliyekaa mwanafunzi wa ubatizo mpaka akafa, tumwambie nini? Na yule mama aliyerudishwa kwao ili mumewe abatizwe, yeye tumwambie nini?

Niseme mapema ninakoelekea, msikilizaji asije akadhani namzungusha. Naamini Mungu habadiliki. Naamini vilevile kwamba Kanisa limebadilisha amri kadhaa lilizozihubiri kama amri za Mungu, limefanya hivyo tangu siku za mitume, na mara nyingine limefanya kwa haki kabisa. Linaloniuma ni kwamba tunaona haya kukiri, na kwamba gharama ya kusitasita kwetu imekuwa ikilipwa na watu walewale wasio na sauti kwenye baraza.

Twendeni Yafa. Ni sura ya 10 ya Matendo ya Mitume. Petro amefikia kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi, nyumba iko kando ya bahari. Wasomaji wengi huipita haraka kazi ya huyu mwenyeji. Mtengenezaji wa ngozi anashika mizoga kutwa. Na kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinasema anayegusa mzoga wa mnyama huwa najisi mpaka jioni. Ni kazi yenye harufu, na waliokuwa wakiifanya walikaa pembeni na watu. Kwa hiyo kabla ya maono yoyote, Petro tayari amelala katika nyumba ambayo Myahudi mwangalifu angesita kuingia. Adhuhuri anapanda darini kusali. Njaa inamshika. Chakula kinaandaliwa. Ndipo anapoona kitu kama shuka kubwa kinashushwa kwa pembe zake nne, ndani yake wanyama wa kila namna, watambaao na ndege, na sauti inamwambia achinje, ale. Petro anakataa. Hajawahi maishani mwake kula kitu najisi. Jambo hilo linarudiwa mara tatu.

Tusimwone Petro mkaidi hapo. Alikuwa mtii. Orodha ya vyakula vilivyokatazwa haikutungwa na wazee wa kijiji; Walawi 11 inafunguliwa kwa kueleza kwamba Bwana ndiye aliyewaambia Musa na Haruni. Na watu walikuwa wameifia orodha hiyo. Kitabu cha pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho katika Biblia zao, kinasimulia habari za Eleazari, mzee wa miaka 90, aliyekubali kuuawa kuliko kula nyama ya nguruwe. Marafiki zake walimshauri alete nyama yake mwenyewe, halali, ajifanye tu anakula ile iliyoamriwa na mfalme. Akakataa hata hilo, vijana wasije wakadhani ameiacha dini yake mwishoni mwa maisha. Hiyo ndiyo imani iliyomlea Petro. Anapoambiwa ale, anaambiwa aiache njia ya watu aliowaheshimu kuliko wote.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kilichobadilika siku zote ni tafsiri ya watu tu, naomba wasimame Yafa kidogo. Hapo kitabu chenyewe kinamwonyesha Mungu akimwagiza mtumishi wake kufanya jambo ambalo zamani alilikataza.

Petro anaondoka, anakwenda Kaisaria nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, na Roho Mtakatifu anawashukia watu wa nyumba ile kabla hawajatahiriwa, kabla hata hawajabatizwa. Aliporudi Yerusalemu alishutumiwa. Shutuma yenyewe ilikuwa hii: umeingia kwa watu wasiotahiriwa, umekula nao.

Sura ya 15 inatupeleka kwenye kikao kikubwa, karibu na mwaka 49. Paulo na Barnaba wamepanda kutoka Antiokia. Upande wa pili wapo waamini waliotoka kwa Mafarisayo, wanaosema watu wa mataifa watahiriwe na waishike sheria ya Musa. Nataka tuwatendee haki watu hawa, maana mahubiri yetu huwageuza kuwa wabaya. Walikuwa na Maandiko mkononi. Katika Mwanzo 17 Mungu anamwambia Ibrahimu kwamba tohara ni alama ya agano lisilo na mwisho. Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane. Hakuna mahali katika Injili anaposema tohara ikome. Kama kikao kile kingeendeshwa kwa kurushiana aya tu, sioni wangeshindwaje.

Hawakushinda, na jinsi walivyoshindwa ndiko kunakotufundisha. Kwanza alisimama Petro akaeleza aliyoyaona kwa Kornelio, akauliza kwa nini wawatwishe wengine nira ambayo wao wenyewe na baba zao walishindwa kuibeba. Kisha Barnaba na Paulo wakasimulia yaliyotendeka kati ya mataifa, na watu wote wakawa kimya kuwasikiliza. Ndipo Yakobo akasimama na kurudi kwenye Maandiko, kwa manabii, akakuta humo nafasi ya mataifa ambayo ilikuwapo siku zote. Ushuhuda wa maisha ya watu ulitangulia. Maandiko yakasomwa upya mbele ya ushuhuda huo. Na waraka waliouandika ulikuwa na wazo moja kuu: tusiwabebeshe mzigo zaidi ya ulio wa lazima.

Ya lazima yakatajwa manne: kujiepusha na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na wanyama walionyongwa, na uasherati. Waraka unasema uamuzi huo ni wa Roho Mtakatifu pamoja na mitume. Basi leo twende kwenye vibanda vya Nairobi jioni, pale mutura unapochomwa juu ya makaa na kukatwa vipande kwenye ubao na chumvi pembeni. Ndani mna nyama, viungo na damu. Wanaokula wengi wao ni Wakristo, Jumapili wako kanisani, na sijasikia mchungaji akiwatenga. Hili nalo halikuanzia kwetu. Tayari Augustino wa Hippo, karibu na mwaka 400, aliandika kwamba Wakristo wa siku zake hawakujali tena ndege aliyekufa bila kutoka damu. Mwaka 1442 Mtaguso wa Florence ukatamka kwamba katazo lile lilifaa wakati wa kuunganisha Wayahudi na mataifa, na sababu yake ilipokwisha, nalo likakoma. Lakini Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia mpaka leo halili nguruwe, linatahiri watoto wa kiume, na linaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Na hapa kwetu Waadventista wa Sabato, waliofika Upare mwaka 1903 na Gendia, kando ya Ziwa Nyanza, mwaka 1906, wanafundisha kwamba siku ya saba haijawahi kuhamishwa na Mungu. Wote hawa ni Wakristo wanaosoma kitabu kimoja.

Kuna jibu la kitaalamu ambalo wengi wetu tumefundishwa. Thoma wa Akwino katika karne ya 13 aliigawa sheria ya Musa katika mafungu matatu: sheria za maadili, sheria za ibada, na sheria za mahakama ya taifa la Israeli. Za maadili zinadumu. Hizo nyingine zilikuwa za muda. Waanglikana waliweka mgawanyo kama huo katika kifungu cha 7 cha zile Kanuni 39. Ni mgawanyo wenye msaada, siukatai. Lakini Musa mwenyewe hakuipanga sheria hivyo. Fungua Mambo ya Walawi sura ya 19. Mstari wa 18 unaagiza kumpenda jirani kama nafsi yako, amri ambayo Yesu aliiita ya pili kwa ukubwa. Mstari unaofuata, wa 19, unakataza kuvaa vazi lililofumwa kwa nyuzi za namna mbili. Hakuna kichwa cha habari kati yao. Anayesema mstari wa 18 ni wa milele na wa 19 umepita ametumia akili na dhamiri kuchagua, na akiwa amevaa shati la pamba na polista, chaguo lake analionyesha hadharani. Simlaumu. Naomba tu akubali kwamba amechagua, halafu atueleze kwa kipimo gani.

Wapo wanaoogopa kwamba tukikubali hivyo, kesho kila kitu kitaruhusiwa. Hofu hiyo naielewa. Lakini historia haionyeshi kwamba mabadiliko huenda upande wa kulegeza tu. Katika Mathayo 19 Yesu anaulizwa juu ya talaka. Musa aliruhusu hati ya talaka. Yesu anasema iliruhusiwa kwa ugumu wa mioyo yenu, haikuwa hivyo tangu mwanzo, naye anaikaza. Utumwa nao haukukatazwa na Musa wala na Paulo, na mwaka 1452 Papa Nikolao V alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia watu katika utumwa wa kudumu. Leo hakuna Mkristo anayethubutu kusema Mungu ameuruhusu utumwa. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki, fungu la 2267, ili isome kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Toleo la awali lilikuwa limeacha mlango wazi kidogo. Haya yote yamekaza, na ukitazama vizuri utaona yamemkazia nani: mwenye nguvu, yaani mume, bwana, dola.

Riba ilikwenda upande mwingine, na nitaigusa kidogo tu ingawa inastahili kipindi chake. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza kasisi anayetoza riba avuliwe daraja. Mtaguso wa tatu wa Laterano, 1179, uliwanyima walao riba wa wazi Komunyo na maziko ya Kikristo. Mtaguso wa Vienne, mwanzoni mwa karne ya 14, uliagiza anayeshikilia kwamba kutoza riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi. Mwaka 1545 Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, aliandika kwamba kumkopesha mfanyabiashara si sawa na kumkopesha mwenye njaa. Papa Benedikto XIV bado alikuwa akiikataza riba mwaka 1745. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ikaruhusu riba ya kadiri iliyowekwa na serikali, na leo Tanzania tuna Benki ya Mkombozi iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki, na Benki ya Maendeleo iliyotokana na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Zote hutoza riba kwenye mikopo, na hakuna aliyeitwa mzushi.

Nadhani mabadiliko hayo yalikuwa ya haki kwa sehemu kubwa, maana fedha ya biashara si mkopo wa unga. Lakini amri ya Kutoka 22 ilimtaja maskini waziwazi. Ilikuwa ngao yake. Tulipoiondoa, tuliangalia mahitaji ya mfanyabiashara na kumsahau aliyelindwa. Mama lishe anayelipa mkopo wa kausha damu kila siku jioni, anayenyang'anywa friji na godoro akichelewa, ni yuleyule ambaye Kutoka 22 ilimsemea. Ni mara ngapi amesikia mahubiri juu ya anayemkausha? Juu ya fungu la kumi amesikia mengi.

Hapo ndipo ninapopata kipimo changu. Yerusalemu waliuliza mzigo huu unamwangukia nani. Sasa turudi Lambeth na tuulize hivyohivyo.

Tuchukue jinsi uamuzi wa 1888, na mwingine kama huo katika makanisa mengine, ulivyoshuka kijijini. Mzee ana wake wawili. Amesikia Injili, ameamini, anataka ubatizo. Mwinjilisti anamwuliza atabaki na nani. Mahali pengine walisema lazima abaki na wa kwanza. Mahali pengine aliachiwa achague, naye mara nyingi akamchagua aliye kijana au mwenye watoto wengi. Yule mwingine anafunga mzigo wake. Shamba alilolilima miaka 15 ni la ukoo wa mume, kwa hiyo linabaki. Watoto ni wa ukoo uliotoa mahari, kwa hiyo nao wanabaki, labda aondoke na yule anayenyonya. Anafika kwao. Ng'ombe wa mahari yake hawapo tena zizini, kwa sababu kaka yake alishaolea. Mume akidai mahari irudishwe, ndoa ya kaka nayo inatikisika. Wifi anamtazama kwa jicho la chini. Kosa lake ni lipi? Hakuzini. Aliposwa mchana kweupe, wazee wakakaa, mahari ikatolewa, akaishi na mume wake kwa uaminifu. Sasa ameachwa kwa jina la Yesu.

Na Maandiko yaliyotumika kumfukuza ni yapi? Ni Mathayo 19, wawili watakuwa mwili mmoja. Sura hiyohiyo, katika pumzi ileile, inakataza mume kumwacha mkewe. Kanisa lilichukua sura inayomlinda mwanamke asiachwe, likaitumia kumwacha. Nasema hivyo bila kusita: lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa hata mwaka 1888.

Wala si kwamba hakuna aliyeliona. John Colenso, Askofu wa Natal huko Afrika Kusini, aliandika mwaka 1855, na tena mwaka 1862 kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwamba kumlazimisha mtu kuwaacha wake aliowaoa kihalali ni dhuluma kubwa kuliko kumbatiza akiwa nao. Aliishi kati ya Wazulu, alikijua alichokisema. Maaskofu wenzake hawakumfuata. Karne moja baadaye Padre Eugene Hillman, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi miaka mingi kwa Wamaasai kaskazini mwa Tanzania, alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima akiomba Kanisa lake lilitazame upya suala la mitala.

Kanisa Katoliki halikufika walikofika Waanglikana, lakini sheria yake ina jambo ambalo waumini wengi hawajawahi kulisikia likitajwa. Kanuni ya 1148 ya sheria ya mwaka 1983 inasema mwanamume ambaye hajabatizwa, mwenye wake kadhaa, akibatizwa anaweza kubaki na mmoja wao ikiwa ni vigumu kwake kubaki na wa kwanza, na wengine waondoke. Mizizi yake ni barua ya Papa Paulo III ya mwaka 1537. Ila fungu la tatu linamwagiza askofu ahakikishe mahitaji ya mke wa kwanza na ya wengine walioachwa yanatimizwa, kwa haki, kwa upendo wa Kikristo na kwa usawa. Yaani sheria inajua kwamba kuna mama anayeondoka na mzigo kichwani. Swali ni kama parokia inajua alikokwenda.

Najua wapo akina mama wanaonisikiliza ambao mitala imewaumiza, walioletewa mke mwenza usiku bila hata kuulizwa, na wanashangaa kwa nini naitetea. Mama yangu, dada yangu, siitetei. Maaskofu wa 1988 hawakuitetea pia. Yule mwanamume wanambana aahidi hataongeza mwingine. Na Mkristo aliyefunga ndoa madhabahuni, kisha akaenda kumpangia chumba mwanamke wa pili mjini, huyo si mtu wa maamuzi haya hata kidogo. Yeye amevunja kiapo alichokula kwa akili zake timamu. Ninayemsemea ni yule aliyeolewa kabla nuru hii haijafika nyumbani kwao, akaambiwa nuru ilipofika kwamba yeye ndiye giza.

Tena nitaje jambo ambalo limenikaa moyoni kila ninaposoma habari za mikutano hii miwili. Mwaka 1888 hakuna mwanamke aliyepiga kura. Mwaka 1988 pia hakuna, kwa sababu askofu wa kwanza mwanamke katika ushirika wa Kianglikana aliwekwa wakfu Februari 1989. Kura zote mbili juu ya nani abaki na mume na nani aondoke zilipigwa na wanaume peke yao. Ile ya pili ilikuwa bora kwa sababu wanaume wale, angalau, waliandika ndani ya uamuzi wenyewe kwamba mwanamke atateseka. Walilitazama lile lililotendeka, kama Petro alivyolitazama la nyumbani kwa Kornelio, wakalileta mbele ya Maandiko.

Basi je, amri za Mungu hubadilika? Mapenzi yake kwa aliyeonewa sijaona yakibadilika kuanzia Kutoka mpaka Ufunuo. Maagizo yaliyoyabeba mapenzi hayo yamebadilika, mengine kwa mkono wa Mungu mwenyewe ndani ya Maandiko, mengine kwa kikao cha mitume, mengine kwa kura ya maaskofu, na mengine kimyakimya kama lile la damu, watu wakaacha tu. Agizo linalowaponda wale lililowekwa kuwalinda, Kanisa lina haki ya kulifungua upya, na lina mfano wa mitume wa kulifungulia. Likishalibadilisha, lina deni kwa waliopondwa.

Kwa hiyo nina maombi machache. Wachungaji wa Kianglikana, uamuzi wa 26 wa mwaka 1988 upo. Usomeni Jumapili moja mbele ya waumini, uelezwe, mwenye kuhusika ajue mlango uko wazi. Mapadre na makatekista, mnapomwandaa mzee wa mitala kwa ubatizo, fungu la tatu la kanuni ya 1148 lisibaki kitabuni. Mwulizeni mama anayeondoka anakwenda wapi, atakula nini, watoto atawaona lini, na jibu liandikwe. Na ninyi wazee wa kanisa wa madhehebu yote, mnalo daftari la waliotengwa. Lifungueni. Mtafuteni kila mama aliyeandikwa humo kwa kosa la kuolewa wa pili, mwiteni kwenye baraza, mpeni kiti, na yeye ndiye awe wa kwanza kusema.